Jina la Pale Penye Chumvi

Nyangeta mwanangu,

Salamu naziruka, maana chai ya asubuhi tumekunywa wote na habari zangu zote unazo. Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua watakuchelewesha. Wale hawajui kuaga bila kuimba kila wimbo wanaoujua. Mimi nimekaa hapa mezani, sanduku lako nimelisogeza ukutani, na mawingu yamefunga upande wa Mugeta. Hayo maji ya juu yakianza kupiga bati sitasikia geti, kwa hiyo mlango nimeuacha wazi.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutopokea chakula kwa mtu usiyemjua, nimeshayasema mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Hayo nimeyaacha. Nataka tuongee lile ambalo tangu Jumapili tunalikwepa kama dimbwi la njiani.

Uliniomba jina. Pale penye chumvi, kule Mugeta kwa marehemu baba yako, ambapo ng'ombe walikuwaga wanalamba udongo. Ukasema, "Mama, niambie tu panaitwaje na nani alipaita hivyo, niondoke nalo." Nikakwambia sisemi. Ukauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu simjui anayelitaka. Ukaniangalia, ukasema, "Mama, wewe unamshuku hata padre akichelewa misa." Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukafunga zipu ya sanduku, ukasema, "Kwa hiyo niende kwa watu wa watu mikono mitupu."

Tangu siku hiyo tunaongea habari za sanduku tu.

Sikiliza. Kazi yako inanitia wasiwasi, na si kwamba siielewi. Umesomea ramani. Unakwenda Peru, kule milimani, ukae na wanavijiji wanaoongea Kikechua, muwaulize wazee wao kila kilima na kila kijito kinaitwaje na maana yake nini, muandike kwenye ramani ya kijiji chao ili majina yasipotee. Ni kazi nzuri kuisikia. Hapo ndipo ninapoanza kuishuku. Mengi yaliyotuumiza hapa nyumbani yaliingia yakiwa mazuri kuyasikia, yamevaa shati safi na yamesalimia vizuri. Anayeuliza jina la mlima leo, kesho atauliza ndani yake kuna nini. Na umeniambia mwenyewe kwamba milima ile imejaa machimbo.

Unakumbuka tulipokuwa tunapukuchua mahindi, wewe umeegemeza simu kwenye beseni unanisomea majina ya huko?

"Yanacocha. Yana ni nyeusi, cocha ni ziwa."

"Jeusi kwa nini? Kulitokea nini?"

"Maji tu, Mama. Yana kina."

"Nani kakwambia?"

"Urubamba. Uru ni buibui, pampa ni uwanda."

"Uwanda wa buibui! Na nyie mtalala wapi?"

Ulicheka mpaka punje zikamwagika. Halafu ukanisomea la mji mkuu wao, Lima, kwamba lilitokana na jina la mto, na mto ule maana yake ni anayesema. Wageni walipofika wakaandika kile ambacho masikio yao yalikipata, basi ndiyo ikawa Lima mpaka leo. Nikakuuliza, "Kwa hiyo na wao waliandikiwa na wageni?" Ukasema, "Karibu kote, Mama." Nikainamia mahindi. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa namwona kijana mmoja amesimama uani kwangu na ubao wake wa kuandikia, nitakueleza.

Likaja Apurimac. Ukasema maana yake ni Bwana Anayesema. Nikauliza Bwana yupi. Ukaanza kuzunguka, oh, Mama, apu wanaita hata milima, ni namna ya heshima. Mimi ni mtu wa rozari, Nyangeta. Mtu akiita mlima Bwana mimi nywele zinasimama. Sitakukataza kuwaheshimu, lakini usiku huo nilikuombea kwa jina lako kamili, isipokuwa lile la tatu.

Na lile moja uliliruka. Ulinisomea majina ya mito, ya mabonde, ya vijiji vya jirani, lakini la mji wenyewe unakokwenda kukaa hukulisema maana yake. Nikaja kuambiwa na katekista wetu, ambaye naye ana simu. Tumetoka jumuiya, akanivuta pembeni kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Mama Nyangeta, huo mji wa Ayacucho nimeutafuta. Wanasema ni Pembe ya Wafu."

Nilifika nyumbani bila kujua nimepita wapi. Nikakukuta unapiga pasi.

"Pembe ya Wafu," nikasema.

Ukaweka pasi chini. "Nani kakwambia?"

"Umeanza kuongea kama mimi. Jibu."

Ukasema wapo wanaosema hivyo, kwamba aya ni maiti na kuchu ni pembe. Wapo wengine wanaosema aya ni roho, kwa hiyo ni makao ya roho. Na wenyeji wengi bado wanauita kwa jina la zamani, Huamanga, ambalo ndani yake kuna kipanga, ndege. Nikakwambia mji wenye majina mawili ni kama mtu mwenye majina mawili, muulize anamkimbia nani. Ukasema, "Mama, na wewe je? Kuna jina gani uliwahi kulisema lote?"

Hapo ulinipata. Nilikwenda jikoni nikajifanya ugali unaungua. Hasira yangu haikuwa ya hao wafu. Niliona mwanangu ameruka jina mbele yangu, akaliruka vizuri kabisa bila kujikwaa, nikajua amejifunzia wapi.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojifunza mimi. Nilitoka Butiama nikiwa binti, nikaolewa Mugeta. Siku za mwanzo kabisa bibi yako, mama mkwe wangu, alinikalisha kwenye kigoda akaniambia jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mke wa mwanawe. Halitoki kwa hasira, halitoki kwa sala. Na neno lolote la kilugha linalofanana nalo halitoki pia. Bahati yangu mbaya, jina la babu yako lina kile kitu kinachoanguka kutoka mawinguni. Kwa hiyo nikaanza kusema maji ya juu. Kwa Kiswahili ningeweza kusema neno la kawaida, lakini bibi yako alikuwa akilisikia ananitazama, na macho yake yalikuwa yanatosha. Mpaka leo silisemi. Wewe umekua ukidhani mama yako ni mshairi.

Kumbuka na kule Musoma, tulipofuata pasipoti. Yule afisa, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mama, babu yake mzaa baba anaitwa nani?" Nikamwambia muulize binti mwenyewe, amekaa hapo. Akasema yeye ananiuliza mimi. Nikamwambia mimi silisemi. Akaweka kalamu chini. "Mama, huyu ni mwanao kweli?" Watu wote kwenye benchi wakageuka. Mimi niliyezoea kushuku watu, nikaonja kushukiwa, na jasho likanitoka. Kama si yule bibi wa Tarime nyuma yetu tungelala pale. "We kijana," akamwambia, "mwache huyo. Ni mkwe wa watu. Ukimlazimisha alitaje utampeleka wewe kwao akatakaswe?" Watu wakaangua kicheko, wewe ukalitaja jina mwenyewe, mambo yakaisha. Ulipotoka nje ulikuwa umekasirika. Ulisema nilikuaibisha.

Sasa turudi kwa yule kijana wa uani.

Baba yako alikuwa ameshafariki, wewe hujaanza shule. Ikaja gari ya wapima mipaka ya vijiji, wanaandika maeneo yote: malisho, mashamba, visima, makaburi. Siku ile wanaume walikuwa wamekwenda mnadani na ng'ombe. Kijana akaingia, akasalimia, nikampa uji, akanywa, akasifu. Halafu akaonyesha kwa kalamu kule ng'ambo ya korongo, kwenye ule udongo mweupe.

"Mama, pale panaitwaje?"

Pale, Nyangeta, panaitwa kwa jina ambalo mimi siruhusiwi kulitamka.

Nikasema, "Subirini wanaume warudi."

"Mama yangu, gari hii haisubiri. Leo tuna vijiji vingine. Wewe si mwenyeji?"

"Ni mwenyeji."

"Na hujui panaitwaje?"

Nikasimama mlangoni na vikombe mkononi. Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, akasema taratibu, wala si kwa dharau, "Mama hajui." Akaandika. Baadaye nilikuja kuambiwa aliandika nini: hakuna jina.

Watu wote pale Mugeta wanajua kisa hiki, na wewe umekisikia nusu yake kwenye utani wa baba yako mdogo Magesa. Wanasema mila ilimfunga mama wa watu. Ni kweli, ilinifunga. Lakini mila haikunizuia kutembea mpaka kwa jirani na kumwambia, njoo mtamkie huyu kijana. Jirani alikuwepo, nilimsikia anatwanga. Sikwenda. Niliyaangalia yale mashati safi nikasema moyoni, wasichokijua hawawezi kukichukua. Nikajiona mwerevu. Walipoondoka niliosha vikombe vyao nikiimba.

Ulipofika ugomvi wa malisho na kijiji cha jirani, wenzetu walikuja barazani na majina. Kila kichaka walikuwa wamekipa jina, na yote yameandikwa. Sisi, pale penye chumvi, palikuwa patupu. Wazee wetu wakasimama mmoja mmoja wakalitaja jina kwa sauti, lakini jina la mdomoni likikutana na karatasi unajua linakwenda wapi. Mstari ukapita, chumvi ikabaki upande wa pili, uzio ukawekwa. Nimesahau mengi ya mwaka ule ila ng'ombe wetu sijawasahau. Walikuwa wanakwenda kusimama pale kwenye uzio kama walivyozoea, wanalamba nguzo.

Magesa aliniambia mbele ya watu, "Shemeji yangu ni shimo la choo, kitu kikiingia hakitoki." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baada ya mavuno nikakubeba nikahamia hapa Bunda, nikakaa na cherehani yangu sokoni. Nimekwambia siku zote tulihama kwa ajili ya shule yako. Shule ilikuwepo hata kule.

Kwa hiyo wewe ulipomaliza chuo ukaniambia umesomea ramani, nilifurahi nikatabasamu, halafu nikaenda kanisani nikakaa peke yangu nikamuuliza Mungu ananitania au anaongea na mimi.

Nilitaka kumsikia huyo bosi wako, unajua. Ukampigia, yule Bi Rosa, ukaniwekea sauti kubwa, mkaongea Kiingereza chenu. Nikakuambia muulize: akiambiwa jina ambalo mwenyewe hataki liandikwe, anafanyaje? Nilisikia kwa nyuma mbwa analia, na jogoo, kumbe na kwao kuna jogoo. Ukanitafsiria: "Anasema bibi yake aliwaficha jina la chemchemi moja mpaka akafa nalo. Anasema wanakijiji ndio wanaosema lipi liandikwe na lipi libaki kwao. Na anasema wazee wa kule hawampi mgeni jina kabla mwenyewe hajatoa la nyumbani kwao, na kumtaja aliyempa."

Nikakuambia mtu mbaya naye angesema hivyohivyo. Ukakata simu ukaingia chumbani.

Lakini ukweli ni kwamba sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza wale bibi wa huko. Wamekaa milimani kwenye baridi, wamefunikwa blanketi zao, anakuja binti mweusi wa Bunda anawauliza hapa panaitwaje, na wao wanamwangalia vilevile ninavyowaangalia watu mimi. Nikajikuta nipo upande wao. Nikasema, vizuri, wasimpe. Halafu nikakumbuka huyo binti ni wangu.

Na kuna kile kijiji cha kwanza mtakachoanza nacho. Uliponisomea jina lake niliacha kupukuchua. Collpa. Ukasema ni udongo wa chumvichumvi ambao wanyama wanaulamba, na huko vijiji vyenye jina hilo ni vingi. Nikakuuliza mara mbili kama hukuongeza lako. Ukaapa. Ndipo ukaanza kuniuliza la kwetu, na mimi nikakufungia mlango.

Ulikwenda kumuuliza Magesa, najua. Alinipigia. "Shemeji, mtoto amekuja. Nimemwambia aliyelipoteza ndiye alirudishe." Nilimtukana kidogo, Mungu anisamehe. Lakini amefanya vizuri. Kama ungelipata kwake, ungekuwa nalo tu. Mimi nataka uwe umepewa.

Basi chukua. Nakuandikia kama nilivyopewa na bibi yako, siku aliyonipeleka mara ya kwanza kuchota udongo wa mifugo. Alifika akamwaga unga kidogo chini kabla hajagusa kitu. Mimi nikasema Salamu Maria kimyakimya, tukachota.

Alisema zamani ulikuja ukame, ng'ombe wakawa wanakonda hata walipopata majani. Jike mmoja tu ndiye alikuwa ananenepa, na kila siku alikuwa anatoroka kundini. Mwenye ng'ombe akamshuku. Akadhani kuna mtu anamwibia maziwa. Akamfuata kwa kunyata toka asubuhi, akamkuta peke yake korongoni, anakula udongo. Yule mtu hakuita watu. Hakumpiga ng'ombe. Alipiga magoti akaonja. Akaonja tena upande mwingine, kwa sababu mara ya kwanza hakuuamini ulimi wake. Halafu ndipo akaenda kuwaleta wenzake na mifugo yao yote, hata wale aliokuwa hapatani nao. Wakapaita kwa jina lake. Miaka mingi baadaye akazaliwa mtoto kwenye ukoo huo, analia hanyamazi, wakamjaribia majina ya marehemu mmoja mmoja, alipotajwa huyo akanyamaza. Mtoto yule ndiye babu yako.

Kwa hiyo jina unalo. Unalo tangu siku uliyobatizwa. Ni lile la tatu kwenye pasipoti yako, lile ambalo kwenye kila fomu ya shule nilikuwa nakusukumia kalamu nikikwambia andika mwenyewe, nawe ulidhani mama yako hajui herufi zake. Pale penye chumvi panaitwa Wambura.

Nimeliandika. Ile b nimeirudia mara mbili, unaona. Bibi yako alinifunga ulimi. Ya mkono sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Usidhani nimeacha kushuku. Bi Rosa simwamini bado, na mji ule wa majina mawili siuamini, na ile milima inayoitwa Bwana nitaiombea mpaka urudi. Na wewe ushuku, nakuruhusu, ila mfuate ng'ombe mpaka mwisho. Usikae mlangoni na vikombe ukajiona mwerevu kama mimi. Wale bibi wakikataa kukupa, kaa nao, menya viazi vyao, usiwaandikie kwamba hawajui. Na wakikuuliza la kwenu, wape hilo, pamoja na yule jike na yule mtu aliyepiga magoti. Likiingia kwenye ramani yao au lisiingie, mimi na Mungu tutajua limesemwa mahali.

Kesho alfajiri pale stendi nitakuwekea msalaba kwenye paji la uso. Jumapili sikukuwekea kama kawaida yangu, na uliona. Usilitaje jina mbele yangu. Nenda nalo, ulitaje ukishapita mbali.

Nasikia geti. Unakimbia, viatu umevishika mkononi, na wenzako wanaimba bado kule barabarani. Maji ya juu yameanza.

Mama yako